UZI: "Kituo kisichoangushwa na bomu". Tunaahidiwa nini hasa?

1/ Msimu wa kampeni ukikaribia, huku kwetu mpakani kuna ahadi moja ambayo haikosi. Mtu anapanda juu ya gari, anashika maikrofoni, anasema: "Nitawajengea kituo cha polisi cha konkriti, ukuta mnene, bomu haliangushi!" Makofi. Mara ya mwisho nilikuwa nyumbani Diff likizo, na mimi pia nilipiga makofi. Nikamgeukia abti, yaani mjomba wangu, ambaye ni fundi wa ujenzi. Yeye alikuwa amekunja mikono. Aliuliza swali moja tu: "Maji atayatoa wapi?"

2/ Nilicheka. Tunaongea mabomu, yeye anaongea maji. Lakini swali lile lilinikwama kichwani hadi Nairobi, na ndilo limezaa uzi huu. Sheria zetu ni zilezile: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna jina la chama, tunachambua hoja. Mimi nasoma sayansi ya siasa, si injinia, kwa hivyo nimemsumbua sana jirani yangu wa hosteli anayesoma uhandisi wa ujenzi. Chukua chai, huu ni mrefu kidogo.

3/ Kwanza, kwa nini hili si la mchezo. Diff iko Wajir Kusini, ukivuka kidogo uko Somalia. Watu wa mpakani wameishi na milipuko miaka mingi: magari kwenye barabara za vumbi, kambi za polisi, minara ya simu. Mnara ukiangushwa mtandao unakufa, na hata hela ya kwenye simu huwezi kutuma. Baada ya mashambulizi ya 2014 na 2015 walimu wengi wasio wenyeji waliondoka kaunti zetu. Mimi nilikuwa shule ya msingi. Kuna muhula tulifundishwa hisabati na kijana aliyekuwa ametoka kumaliza kidato cha nne juzi tu. Kwa hivyo mtu akiniambia jengo fulani litatulinda, natamani sana iwe kweli.

4/ Twende pole pole. Mlipuko unafanya nini? Wengi tunafikiria moto na vyuma vinavyoruka. Hivyo vipo, lakini kinachoangusha majengo hasa ni hewa. Bomu likilipuka, hewa inayolizunguka inabanwa ghafla na kusukumwa nje kama ukuta usioonekana, kwa kasi kuliko sauti. Ukuta huo wa hewa unagonga jengo na kupita, yote ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde. Nyuma yake inakuja hali ya kinyume: hewa inavutwa kurudi. Jengo linasukumwa, halafu linavutwa.

5/ Sasa konkriti. Ukichanganya simiti, mchanga, kokoto na maji, ukaiacha ikomae, unapata kitu chenye nguvu ajabu kikikandamizwa. Weka mzigo juu yake, itabeba. Lakini ukiivuta au kuipinda, nguvu yake ni kama sehemu moja ya kumi tu ya ile ya kubeba. Konkriti tupu ni kama chaki: isimamishe ubonyeze kutoka juu, inavumilia, ipinde kidogo kwa vidole, tak! Ndiyo maana tunaweka chuma ndani. Konkriti inabeba mkandamizo, chuma kinabeba mvutano.

6/ Hapa ndipo wanasiasa wengi wanapotea. Wanasema "ukuta mnene". Unene unasaidia, kwa sababu kitu kizito ni kigumu kukisukuma haraka. Lakini ukuta mnene wa mawe au matofali bila chuma ndani, ukisukumwa na mlipuko wa karibu, unavunjika vipande na kila kipande kinageuka risasi. Ukuta wenye chuma pande zote mbili unapinda, unapata nyufa, unaharibika kabisa, lakini unabaki umeshikana. Chuma kikinyumbuka kinameza nguvu ya mlipuko. Na lazima kiwe pande zote mbili kwa sababu, kumbuka, jengo linasukumwa halafu linarudi.

7/ Kwenye nguzo, siri iko kwenye ringi. Wale walioshika kazi ya mjengo wanajua: vile vyuma vyembamba vinavyozungushwa kwenye vyuma vinene vya nguzo na kufungwa kwa waya. Konkriti ya nguzo ikipasuka, ringi zilizo karibu karibu zinaibana isimwagike, na nguzo inaendelea kubeba. Ringi zikiwa mbali mbali, nguzo inatawanyika kama gunia lililokatwa kamba. Na ukishamwaga konkriti, hakuna mtu anaweza kuhesabu ringi kwa macho. Shika hilo, tutalirudia.

8/ Mfano wetu mkubwa hauko Diff, uko Nairobi. Ijumaa, 7 Agosti 1998, kama saa nne na nusu asubuhi, lori lenye bomu lililipuka nyuma ya ubalozi wa Marekani, pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie. Walikufa watu 213, na Wamarekani kati yao walikuwa 12. Waliojeruhiwa walipita 4,000. Mimi sikuwa nimezaliwa. Lakini ukienda leo bustani ya kumbukumbu ya Agosti 7, ukaketi kwenye benchi, unaweza kuisoma hesabu ya konkriti kwa macho yako. Nilienda mwezi uliopita na yule jirani wa hosteli. Aliniambia: "Fikiria majengo matatu."

9/ La kwanza ni ubalozi wenyewe, shabaha. Fremu yake ya konkriti yenye chuma ilibaki imesimama. Ndani ilikuwa maangamizi: kuta za kugawanya vyumba, dari, samani, vioo, kila kitu kiligeuka silaha. Watu wengi walikufa humo. Lakini sakafu hazikuangukiana, na waliobaki hai waliweza kutoka au kutolewa.

10/ La pili ni jumba la Co-operative, refu, zaidi ya ghorofa 20, jirani kabisa. Vioo vyake vilikwisha. Mifupa ya jengo ilisimama, likakarabatiwa, na hadi leo lipo, watu wanaingia kazini. La tatu lilikuwa Ufundi House, jengo la ofisi na chuo cha makarani, na lenyewe lilikuwa jirani tu, halina ugomvi na mtu. Hilo liliporomoka lote. Sakafu zilikaa moja juu ya nyingine kama chapati. Waokoaji walichimba siku kadhaa. Mwanamke mmoja alisikika akiongea chini ya vifusi, nchi nzima ikamwombea, na alikufa kabla hawajamfikia.

11/ Ona vizuri. Aliyelengwa, fremu yake ilisimama. Jirani ndiye aliyefukiwa. Wengi wa wale 213 walikuwa Wakenya wa kawaida: wanafunzi, makarani, abiria kwenye basi, watu waliokuwa wakipita. Mjadala wa "tujenge kituo imara" karibu kila mara unasahau swali hili: imara kwa nani? Na nani anakaa kando yake?

12/ Halafu vioo. Siku ile, kabla ya bomu kubwa, kulisikika kishindo kidogo na milio ya risasi langoni. Watu kwenye ofisi za jirani walifanya vile wewe na mimi tungefanya: walienda dirishani kuangalia. Kisha ndio bomu likalipuka. Ripoti ya uchunguzi ya Wamarekani, iliyotoka Januari 1999, ililitaja jambo hilo. Kioo cha kawaida kinavunjika kwa msukumo mdogo sana ukilinganisha na ule unaohitajika kuvunja nguzo. Wengi walipoteza macho. Unaweza kuwa na nguzo bora Afrika Mashariki nzima, lakini dirisha la kioo cha bei rahisi likakuua.

(Ukisikia kishindo au risasi nje, usiende dirishani. Lala chini, mbali na kioo. Hii mfundishe na mdogo wako.)

13/ Siku hiyohiyo, karibu dakika zilezile, Dar es Salaam nayo ilipigwa. Walikufa watu 11, na zaidi ya 80 walijeruhiwa. Jengo la ubalozi liliharibika vibaya lakini halikuanguka, na hakuna aliyekufa ndani ya jengo kuu. Wachunguzi walisema sababu ni mbili: uimara wa jengo, na bahati. Sehemu ya bahati hiyo ilikuwa lori la maji lililokuwa langoni, kati ya bomu na jengo. Waliokufa walikuwa nje: walinzi na watu wa kazi. Tena, ukuta ulimlinda aliyekuwa ndani.

14/ Hapa tunafika kwa rafiki mkubwa kuliko konkriti: umbali. Nguvu ya ule ukuta wa hewa inapungua haraka sana kadiri unavyosogea. Ukiongeza umbali mara mbili, presha haipungui nusu tu. Karibu na mlipuko inaweza kupungua mara kadhaa. Mita kumi za ardhi tupu zinaweza kukusaidia kuliko sentimita kumi za ukuta. Ndiyo maana tangu 1985 wataalamu wa Marekani walipendekeza balozi zao zikae mita 30 kutoka barabarani. Ule wa Nairobi ulijengwa kabla ya hapo, katikati ya mji, barabara mbili kubwa zikiupitia. Mpya ulihamia Gigiri, kwenye uwanja mpana. Walinunua umbali.

15/ Swali: kama jengo limepoteza nguzo moja, kwa nini lingine linaanguka lote na lingine linabaki? Jibu lilianzia London, 16 Mei 1968. Jengo la makazi la ghorofa 22, Ronan Point, lilipata mlipuko wa gesi ya kupikia kwenye ghorofa ya 18. Mlipuko haukuwa mkubwa, lakini ulisukuma nje ukuta mmoja uliokuwa umebeba kona. Kilichokuwa juu kikaanguka, uzito wake ukavunja cha chini, kona nzima ikashuka hadi chini. Watu 4 walikufa. Vipande vya konkriti vilikuwa vimepangwa bila kufungwa vizuri, kama matofali ya mtoto.

16/ Baada ya hapo Uingereza ilibadilisha sheria: jengo lifungwe pamoja kwa chuma kinachopita kutoka sakafu hadi sakafu, nguzo hadi nguzo, ili kipande kimoja kikitoka, majirani wabebe mzigo wake. Kwa Kisomali au Kiswahili unaweza kusema jengo liwe na ukoo: mmoja akianguka, wengine wanabeba. Wahandisi wa Kenya wametumia viwango vya Uingereza kwa miaka mingi. Kanuni zetu wenyewe za ujenzi tulizozitumia kwa muda mrefu zilikuwa za 1968, mwaka uleule wa Ronan Point, na kanuni mpya za kitaifa zilichapishwa 2024. Yaani ujuzi upo kwenye makabati ya serikali. Hatuhitaji kuuvumbua.

17/ Mifano miwili ya haraka. Oklahoma City, Marekani, 19 Aprili 1995: bomu la lori mbele ya jengo la serikali. Nguzo chache za mbele zilikatika, na boriti kubwa iliyokuwa imebeba nguzo za juu ikakosa pa kukaa. Karibu nusu ya jengo ikafuata. Walikufa 168, wengi kwa sababu ya kuporomoka. Mwaka uliofuata, Juni 1996, Khobar, Saudia: bomu kubwa la lori nje ya majengo ya makazi ya wanajeshi wa Marekani. Uso wa jengo uling'oka na watu 19 walikufa, lakini jengo halikushuka lote. Lilikuwa limejengwa kwa viwango vya Uingereza vya baada ya Ronan Point, limefungwa pamoja.

18/ Sasa turudi nyumbani, kwa swali la abti. Kwa nini maji? Nilimpigia simu. Nilimuita abti, naye akaniita abti, maana ndivyo mjomba na mpwa wanavyoitana kwetu. Akasema: "Abti, wewe unasoma siasa, mimi nasoma simiti. Simiti haikauki, inakunywa. Ukiinyima maji inakufa ikiwa bado mbichi."

Yule jirani wa hosteli aliposikia alisema huyo mzee angeweza kufundisha darasa letu.

19/ Ukweli wa kisayansi ni huu: konkriti haigandi kwa kukauka, inagandi kwa simiti kuungana na maji. Kazi hiyo inaendelea kwa siku nyingi, ndiyo maana nguvu yake hupimwa siku ya 28. Angalau wiki ya kwanza lazima ibaki na unyevu: unaimwagilia asubuhi na jioni, unaifunika kwa magunia yaliyoloa. Sasa leta hiyo Diff, mwezi wa pili, jua la kuchoma na upepo mkavu kutwa. Maji yanatoka kisimani au kwa lori, na mtungi wa lita 20 unanunuliwa. Foleni ya mbuzi, ngamia na kina mama inasubiri. Nani atamwagia nguzo?

20/ Kuna tatizo la pili: chumvi. Maji ya visima vingi vya Wajir yana chumvi, mtu yeyote aliyekunywa chai huko anajua. Ukichanganya konkriti na maji ya chumvi, chumvi inakaa ndani na kula chuma. Chuma kikishika kutu kinafura, na kikifura kinapasua konkriti kutoka ndani. Miaka kadhaa baadaye unaona ufa mrefu kwenye nguzo, rangi ya kahawia inatoka, vipande vinadondoka. Kile chuma kilichokusudiwa kunyumbuka siku ya mlipuko kimeshakonda zamani.

21/ Hii nimeiona kwa macho. Nilipokuwa mdogo tulijengewa darasa jipya. Mkandarasi alitoka mbali, alifanya kazi wiki chache, rangi ikapakwa, utepe ukakatwa, tukaimba. Kabla sijafika kidato cha kwanza, kulikuwa na ufa kwenye ukuta ambao ungeweza kuingiza rula. Tuliingiza rula. Upepo wa kawaida ukivuma, unga ulikuwa unashuka kutoka juu ya dirisha. Hakuna bomu lililokuwa limepita hapo. Abti ananiambia alipita siku moja wakati wa ujenzi akaona mtungi mmoja tu wa maji, na vibarua walikuwa wanaunywa.

22/ Kwa hivyo tukisikiliza midahalo, hoja zinazorudi rudi tunaweza kuzipima hivi:

HOJA YA KWANZA: "Ukuta mnene ndio usalama." Nusu kweli. Mpangilio unaofaa ni umbali kwanza, chuma na kufungwa pamoja pili, madirisha tatu, unene baadaye. Na mchanga, ambao sisi tunao bure, unameza mlipuko vizuri sana. Wanajeshi duniani kote hujaza mchanga kwenye vikapu vya waya na kuvipanga kama ukuta. Vikipigwa, unavijaza tena.

23/ HOJA YA PILI: "Tujenge ukuta mpaka wote." Mpaka wetu na Somalia unakaribia kilomita 700. Mradi ulianza 2015 ukiitwa ukuta. Kilichoonekana kule Mandera ni uzio wa waya na mtaro wa kilomita chache. Unaweza kuunga mkono au kupinga, lakini jua kwamba uzio ni wa kuzuia mtu kupita. Hauna uhusiano na kama darasa litasimama au litaanguka. Mwanasiasa akichanganya hayo mawili, mrudishe kwenye mstari.

24/ HOJA YA TATU: "Konkriti haisaidii kitu, hao watu wataingia tu." Hii inatajwa sana pamoja na Garissa. Na ni kweli kwamba 2 Aprili 2015, chuo kikuu cha Garissa, hosteli zilikuwa za kudumu na kuta zilisimama. Wauaji waliingia kwa lango wakiwa na bunduki. Walikufa 148, wengi wanafunzi wa umri wangu wa sasa. Jengo imara halijibu kila hatari. Lakini hilo halimpi mtu ruhusa ya kutujengea jengo bovu. Ukosefu wa ulinzi langoni na ukosefu wa ringi kwenye nguzo ni makosa mawili tofauti, na kila moja lina mtu anayepaswa kuulizwa.

25/ HOJA YA NNE: "Pesa ziende shule na hospitali, si kambi." Mimi nilikuwa upande huu kabisa. Bado niko karibu nao. Lakini angalia: ringi zilezile, maji yaleyale, mkaguzi yuleyule. Nguzo iliyofungwa vizuri kwa ajili ya mlipuko ndiyo nguzo iliyofungwa vizuri kwa ajili ya mafuriko, tetemeko, na uzembe. Wanaojenga darasa vibaya ndio watakaojenga kituo vibaya. Swali la ubora linatangulia swali la kambi au shule.

26/ Sasa somo langu la siasa, maana ada inalipwa. Tazama orodha ya vitu vinavyookoa watu: umbali, yaani ardhi tupu. Ringi, zimefichwa ndani. Maji ya wiki ya kwanza, yamekauka. Plastiki ya kubandika kwenye kioo ili vipande visiruke, haionekani. Mkaguzi aliyekataa kutia sahihi, hakuna anayemjua. Vyote havionekani kwenye picha. Kinachoonekana ni ukuta mrefu, rangi mpya na jiwe la msingi lenye jina. Mwanasiasa hupata kura kwa kinachoonekana, na mkandarasi hupata faida kwa kupunguza kisichoonekana. Hao wawili wakikutana bila mkaguzi katikati, unapata jengo linalofanana kabisa na jengo imara.

27/ Sisemi wote ni wezi. Nasema mfumo unawapa sababu ndogo sana ya kumwaga maji kwenye nguzo. Sababu hiyo lazima itoke kwetu, na haitatoka kwa makofi. Itatoka kwa maswali. Mgombea yeyote akikuahidi jengo lisiloangushwa na bomu, muulize haya, kwa heshima, mbele ya watu:

— Litakuwa mita ngapi kutoka barabara, na mita ngapi kutoka soko na shule?
— Nani atakagua chuma KABLA konkriti haijamwagwa, na picha zitabandikwa wapi tuzione?
— Maji ya kuchanganya yamepimwa chumvi?
— Bajeti ya maji ya kumwagilia ni shilingi ngapi?
— Madirisha ni ya kioo gani?
— Nguzo moja ikitoka, paa linabebwa na nini?

28/ Swali la umbali ndilo naomba mlishike kuliko yote. Katika miji mingi midogo kituo cha polisi kimebanana na maduka, na watoto wanapita mbele ya lango kwenda shule. Tukikijenga upya kwa konkriti nzito palepale, tutakuwa tumefanya kama 1998: mwenye ukuta atabaki, jirani wa mabati ataondoka na upepo. Huku kwetu ardhi si shida. Ni mahali pachache duniani ambapo mita 30 unaweza kuzipata bila kununua. Tusipozitumia, hatuna kisingizio.

29/ Na waathiriwa wa 1998 mpaka leo wanadai fidia, miaka zaidi ya 25 baadaye. Wengine walikufa wakisubiri. Jengo likianguka, siasa yake inaendelea miaka mingi kuliko vifusi. Nalisema hili kwa wale wanaofikiri maswali ya ringi na maji ni ya mafundi tu.

30/ Juzi abti alinitumia ujumbe wa sauti. Yule mwenye ahadi alirudi Diff, mkutano mwingine, ahadi ileile. Safari hii abti alinyoosha mkono, akapewa maikrofoni, akauliza: "Mheshimiwa, maji utayatoa wapi?" Anasema watu walicheka kama nilivyocheka mimi. Halafu mama mmoja anayeuza maziwa akasimama nyuma akasema, "Hapana, ajibu." Wakanyamaza. Mheshimiwa alisema ataleta jibu.

Tunasubiri. Likija nitaliandika hapa hapa chini ya uzi huu, bila jina.

Mwisho. Kama una picha ya jengo la umma linaloendelea kujengwa kwenu, chuma kikiwa bado wazi, weka kwenye maoni tuhesabu ringi pamoja. Usionyeshe kambi ya usalama wala sura ya mtu. Madarasa na zahanati zinatutosha kuanza.